Kamera ya filamu: Nikon F90X au Canon EOS 5?

Kwa sisi wa Nairobi, anza na betri. F90X ya 1994 inatumia betri nne za AA, zile unazozipata hata kwenye duka la mtaani Umoja saa tatu usiku. EOS 5 ya 1992 inataka 2CR5 ya lithiamu. Hiyo utaizungukia mjini, na ikikuishia katikati ya harusi, kazi imekwama.

Kwa fokasi, yaani kulenga ili picha itoke kali, EOS 5 inashinda: ina vituo vitano vya kulengea, na hufuata jicho lako kuchagua kimoja. F90X hutegemea eneo moja la katikati. Ila gurudumu la modi la EOS 5, lile la kuchagua namna ya kupiga, hulegea au kuvunjika, likague vizuri. Mgongo wa F90X hunata kama gundi, lakini kamera inapiga tu. Mimi ningechukua F90X.