Rangi ya maji au ya mafuta kwa askari wa Tanga 1914?

Wadau, kila tukikaa Ngamiani kupaka visanamu vya vita vya Tanga, Novemba 1914, swali ni lilelile. Mi natumia zote mbili.

Ya maji, yaani akriliki, inakauka dakika chache, brashi unaosha bombani, hainuki, kwa hiyo ukiwa chumba kimoja na watoto hapo imeshinda. Ila joto letu mnalijua, ukigeuka kupokea simu tu ishashika ngozi kwenye kisahani, mi natandika tishu iliyolowa chini ya karatasi ya kuokea ndo inanivusha jioni nzima.

Ya mafuta inataka thina kila mara, hiyo nayo ni hela, na mkono mmoja wa rangi unangoja hadi kesho. Lakini ikishakomaa ni ngumu kweli, wakati akriliki bila vanishi ncha ya bayoneti inachubuka chuma kinaonekana. Na kaki ya askari wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani, mikunjo inalainika vizuri mno maana una muda wa kuichanganya.

Una kikosi kizima cha kumaliza kabla ya Jumamosi? Ya maji. Una afisa mmoja wa kabatini, na kibaraza chenye upepo? Ya mafuta.