TAHADHARI: Huyu "mtu wa ndani" wa ajira za serikali anawauzia majina yenu wenyewe

Wadau, yule jamaa wa kujazia watu maombi ya Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi, mwenye picha ya suti na bendera ndogo mezani, ni tapeli. Narudia, TAPELI. Ndiye mliyekuwa mnamtumia vidole gumba humu na kumwita mkuu. Amekula laki nne na elfu themanini za binti wa watu, na hela siyo hata hasara kubwa kuliko zote. Waliokuwa macho kwenye grupu usiku ule wanajua binti ni nani, waliobaki hawana haja ya kumjua. Na wale walioandika "msomi mzima unapigwaje hivyo", someni kwanza, halafu mje mcheke vizuri.

Simu iliingia saa mbili kasoro usiku. Sauti nzito, taratibu, ya mtu aliyechoka na kazi za ofisi. Hakuuliza "naongea na nani". Alimtaja kwa majina yake matatu kama yalivyo kwenye cheti, akamtajia kada aliyoomba, Afisa Hesabu Daraja la II, akamtajia jina lake liko la ngapi kwenye orodha ya kuitwa usaili, na tarehe ya mchujo. Nyuma yake inasikika mihuri inagongwa, ko, ko, ko. Akasema, "Faili lako liko hapa mbele yangu, mwanangu." Kisha akatoa kauli iliyommaliza binti kabisa: "Sisi hatuombi hela. Mtu akikuomba hela, piga TAKUKURU 113."

Nani angeshtuka hapo? Mtu anayekupa namba ya TAKUKURU, wazuia rushwa wenyewe, utamshuku kwa lipi?

Basi akageuka. Kuna tatizo dogo, herufi moja ya jina la kati kwenye cheti cha kuzaliwa inatofautiana na cheti cha kidato cha nne. Ni kweli, ilikuwa inatofautiana! Inatakiwa hati ya kubadili jina, yeye ana wakili wa kuiandaa usiku uleule, elfu sitini. Kesho yake laki na ishirini ya "uhakiki wa vyeti". Baada ya hapo laki tatu ya "kushikilia nafasi", maana eti kuna mtoto wa kigogo anaitaka. Na kila mara alitangulia kusema: "Litakuja jina la mama mmoja, ndiye mhasibu wetu, usishtuke." Jina likaja vilevile kama alivyosema, binti akabonyeza namba ya siri kwa amani. Lile jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala ndiyo breki ya mwisho uliyonayo, na yeye aliikata mapema.

Usiku wa tatu ikaja PDF ya barua ya kazi. Nembo ya Taifa juu, muhuri wa bluu, saini, kumbukumbu namba, kituo cha kazi, ngazi ya mshahara TGS D. Nyumbani wakapiga vigelegele. Wiki moja KABLA ya usaili wa mchujo.

Sasa tuongee kwa nini aliaminika, maana hapa ndipo watu mnapobeza bila kuelewa. Huyu mtu hana mtu ndani. Hana hata kiti cha kusubiria pale Dodoma. Orodha za wanaoitwa kwenye usaili Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayoendesha usaili, huzitoa hadharani kwenye ajira.go.tz, na kila mwenye bando anapakua: majina kamili, kada, mwajiri, tarehe, mahali. Namba ya simu kwenye orodha haipo, hiyo tunampa sisi. Orodha ikitoka tu humu ndani watu wanaanza, "nimeitwa Afisa Hesabu, nani mwingine tuchangie usafiri?" na namba yako inaonekana kwa wanachama wote. Anachukua jina kule, namba huku, anapiga. Ile herufi moja ya jina aliijua kwa sababu ni yeye yule aliyemjazia maombi kwa elfu kumi! Vyeti vyote alikuwa navyo. Sauti ya "bosi" ilikuwa laini yake ya pili.

Na hapo kwenye kujaziwa maombi ndipo uchungu wenyewe ulipo. Alipomfungulia akaunti alitumia barua pepe yake yeye, nywila akaiweka yeye, binti akapewa karatasi yenye nywila ambayo baadaye ilibadilishwa. Makazi akajaza mkoa wa kwake yeye tapeli. Mnajua maana yake? Usaili wa mchujo siku hizi unaweza kupangwa kwa mkoa kulingana na makazi uliyojaza. Na tangazo la usaili linasema wazi kwamba msailiwa anakili namba yake ya mtihani kutoka kwenye akaunti yake, kwa kuwa siku ya usaili namba hizo hazitolewi. Binti akaomba kubadilisha nywila, ujumbe ukaenda kwenye barua pepe ya nani? Ya mwizi. Alishapigwa bloku kwenye laini zote. Siku ya mchujo wenzake wako kwenye foleni na namba zao, yeye anahangaika na simu. Laki nne na themanini unaweza kuzitafuta tena. Nafasi aliyoitwa kwa sifa zake halali, bila msaada wa mtu, ndiyo hiyo imekwenda. ALIKUWA AMESHAITWA. Alikuwa anauziwa kitu ambacho tayari ni chake!

Bado hamjasikia la hati. Ile "hati ya kubadili jina" ni karatasi ya kughushi, muhuri wa wakili asiyekuwepo, haijafika kwa Msajili wa Hati hata siku moja, na imepandishwa kwenye akaunti yenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya binti. Kwenye mfumo, aliyeiwasilisha ni yeye. Matangazo yote ya ajira yana mstari unaosema anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na serikali haitanii kwenye hilo: mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Hata ukifanikiwa kuingia na karatasi ya hivyo, mwajiri anakagua tena vyeti halisi kabla ya kukupa barua ya ajira.

Kwa wanaoanza, utaratibu wenyewe ni huu. Hauhitaji mchongo wala baba mdogo wa mtu.

Akaunti unaifungua mwenyewe kwenye portal.ajira.go.tz kwa namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20, barua pepe yako na simu yako. Haina malipo. Ukienda stesheneri kwa sababu huna kompyuta, lipia muda wa mashine na kuskani, lakini barua pepe iwe yako, nywila uiandike kwa vidole vyako, na uondoke baada ya kutoka kwenye akaunti. Masharti ya jumla hayabadiliki sana: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45 isipokuwa aliye tayari kazini serikalini, cheti cha kuzaliwa, maelezo binafsi yenye wadhamini watatu, vyeti vya kidato cha nne na cha sita kama ulifika, cheti cha chuo pamoja na transkripti. Hati za matokeo na vyeti vya muda havikubaliwi, na hapo wengi hukwama halafu wanadhani wamelogwa. Kada zenye bodi, kama wauguzi na wahandisi, zinataka na usajili wa bodi. Uliyesoma nje, pitisha vyeti vyako TCU kwa vya chuo kikuu, NACTVET kwa vya vyuo vya kati au NECTA kwa vya sekondari. Barua ya maombi lazima iwe na saini, na ielekezwe kwa anayetajwa kwenye tangazo, mara nyingi ni Katibu wa Sekretarieti. Ukituma barua isiyo na saini, hakuna mtu wa ndani atakayekusainia. Wewe mtumishi unayehamia kada nyingine, barua yako inapita kwa mwajiri wako kwanza.

Jina likitofautiana, shughulikia mapema. Hati ya kubadili jina inaandaliwa na wakili anayeonekana, mwenye ofisi, kisha inasajiliwa. Haitengenezwi saa nne usiku kwenye WhatsApp.

Baada ya hapo mchujo wa kuandika, kwa baadhi ya kada kama madereva kuna wa vitendo, kisha mahojiano. Unakwenda na vyeti halisi na kitambulisho: cha NIDA, cha mpiga kura, hati ya kusafiria au kingine kilichotajwa kwenye tangazo. Nauli, kula na kulala ni juu yako, na hizo ndizo gharama zenyewe. Ukifaulu, jina linatoka kwenye orodha ya walioitwa kazini, unapata barua ya kupangiwa kituo, unaripoti na vyeti halisi, mwajiri anahakiki, NDIPO anakupa barua ya ajira. Mpangilio haurukwi. Waliofaulu wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na huko nako ndiko tapeli anakopenda kuchezea: "nakuchomoa kanzidata kwa laki mbili". Hachomoi kitu. Ukiwa kwenye kanzidata unapangiwa nafasi ikipatikana, hela yako haimfikii mtu yeyote zaidi ya yeye.

Mnataka dalili? Barua ya kazi kabla ya usaili. "Litakuja jina la mhasibu." Kuombwa nywila au namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako. Kiungo kisichoishia na go.tz, hata kama neno "ajira" limo mara tatu. Tangazo linaloahidi mshahara kwa shilingi badala ya kutaja ngazi kama TGS C au TGS D. Kuna nyingine pia, lakini kwa kweli hasira hazinipi nafasi ya kuzipanga vizuri, na hizo peke yake zingetosha kumkamata huyu mshenzi.

Maana huyu anatakiwa AKAMATWE. Asiishie kutolewa kwenye grupu tu, admini, unasikia? Ukimtoa hapa anahamia grupu la walimu, kisha la wauguzi. Kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba, na juu yake kuna kughushi nyaraka na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Alimwe zote! Wanaosema "tumsamehe, ana familia", huyo binti alizaliwa na mti?

Najua kwa nini wengine mmenyamaza. Mlitoa ile laki tatu mkijua ni hela ya kupindisha foleni, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Anategemea ukimya huohuo, ni mtaji wake. Ila wengi wenu mlilipia "uhakiki" na "wakili", mkiamini ni ada halali, na hapo ninyi ni mashahidi. Msikae na aibu isiyo yenu.

Cha kufanya leo, siyo kesho. Kama umetuma hela muda mfupi uliopita, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako waizuie kabla haijatolewa. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Usifute ujumbe wa muamala, wenye kumbukumbu namba na jina la "mhasibu", wala ile PDF, wala sauti. Nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa ya kesi yako, maana taarifa za mwenye laini mtandao wa simu unawapa polisi, haukupi wewe. Ujumbe wake peleka 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, kwa sababu kitambulisho chako anacho, na laini ya kesho ya kumpigia mwingine inaweza kuwa ya jina lako.

Na kila aliyejaziwa maombi na huyu, hata kama hajakuomba senti: ingia kwenye akaunti yako SASA HIVI. Angalia barua pepe ni ya nani, makazi ni mkoa gani, na viambatisho ni vipi. Ukikuta karatasi usiyoijua, iondoe, na upeleke taarifa Sekretarieti kwa maandishi kabla hujaitwa kuieleza. Ukishindwa kuingia, ujue nywila anayo yeye, waandikie Sekretarieti leo ukiwa na NIDA yako na RB.

Namba zake zote mbili na lile jina la "mhasibu" anavyo admini. Aliyelipa kwenye jina hilo aje inboksi kwa admini na muamala wake, tunataka twende kituoni pamoja, wengi, siyo mmoja mmoja wa kuzungushwa.