Nilitaka mtu wa kuusoma msimbo wangu, nikaambiwa nitabasamu

Nilijizuia kuandika haya tangu programu ilipoisha, maana nilikuwa na hasira na sikutaka hasira inisemee. Sasa ni miezi, na hasira iko palepale. Basi na iseme.

Nilijiunga na programu ya ulezi kwa wanawake wanaofanya kazi za teknolojia. Utaratibu mnaujua: unajaza fomu, unapangiwa menta aliyekutangulia kazini, mnazungumza kila baada ya wiki mbili. Nataka kueleza kikao cha tatu tu.

Wakati huo nilikuwa na tatizo lililoninyima usingizi. Mfumo wetu unapokea ujumbe kutoka kwenye foleni, yaani mahali ujumbe unaposubiri kushughulikiwa, na mara mojamoja ujumbe uleule ulikuwa unashughulikiwa mara mbili. Si ajabu kwa foleni za aina hiyo: seva ikifanya kazi yake kisha ikazimika kabla ya kuthibitisha kwamba imemaliza, ujumbe hurudi kwenye foleni na seva nyingine huuchukua. Niliamua kila ujumbe uwe na namba yake, namba iandikwe kwenye hifadhidata, na ujumbe ukija tena utambulike. Mwenzangu wa kazini aliyekuwa anapitia msimbo wangu, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, aliurudisha mara nne, kila mara kwa neno moja: "Haueleweki." Sikujua kosa ni langu au lake. Swali hilo ndilo nililompelekea menta wangu, mhandisi wa miaka mingi.

"Dada," nikamwambia, "ni mistari kama sitini hivi. Naomba tuisome pamoja, uniambie ukweli hata kama unauma."

Kamera yake ilikuwa imezimwa. Nilisikia vidole vyake vikibofya, anaandika mambo mengine. Akanijibu: "Mdogo wangu, msimbo si tatizo. Tatizo lako ni kujiamini. Ukiingia kikaoni tabasamu, paza sauti. Na kama mambo ya seva ni mazito, kuna usimamizi wa miradi. Wanawake wengi wanang'ara kule."

Hakuwa ameufungua. Ukurasa niliomtumia unaonyesha nani ameingia, na jina lake halikuwepo kabla ya kikao wala baada yake. Alijuaje kwamba msimbo si tatizo?

Sina neno baya juu ya usimamizi wa miradi, ni kazi ya watu wenye akili. Lakini mimi sikuuliza njia ya kutokea. Niliuliza kuhusu mistari sitini.

Na kilichoniuma zaidi ni kukumbuka siku ya ufunguzi. Tulionyeshwa picha ya Grace Hopper, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa kazi yetu, tukaambiwa aliandika kompaila yake ya kwanza, programu ya kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine, mwaka 1952. Tukaonyeshwa wale wanawake sita walioipangia kazi ENIAC, kompyuta ya mwanzoni kabisa ya Marekani iliyotangazwa hadharani mwaka 1946. Tulipiga makofi. Wanawake wale walijifunza mashine ile kwa kuinamia michoro yake ya nyaya, wakiulizana wao kwa wao hadi wakaielewa. Ukituonyesha watu wa namna hiyo asubuhi, usije kunifundisha kutabasamu.

Kwa hiyo naipa programu hii nyota moja. Msijiunge.

Nimeandika hivyo, kisha nikasita, kwa sababu programu hizi zinakufa. Women Who Code ilifungwa mwaka 2024 kwa kukosa fedha, na Girls in Tech ikafunga mwaka huohuo. Sitaki neno langu liwe jiwe jingine juu ya kaburi. Tena nitakuwa mwongo nikikaa kimya juu ya yule dada aliyekuwa msimamizi wa kundi letu dogo. Hakuwa menta wangu. Alinisikia nikilalamika kwenye kundi, akaandika maneno mawili: "Nitumie msimbo."

Tulikaa saa nzima. Hakunipamba. Alikwenda moja kwa moja pale nilipokuwa nauliza hifadhidata kama namba ipo, na kama haipo naiandika. "Seva mbili zikiuliza kwa pamoja?" akasema. Nikanyamaza. Zote mbili zingejibiwa haipo, na zote mbili zingeendelea na kazi. Ilitakiwa hifadhidata yenyewe ikatae namba kujirudia, si mimi niulize kwanza. Yaani mwenzangu wa kazini alikuwa na sababu ya kuukataa, ingawa hakuwa na adabu ya kuieleza. Niliurekebisha usiku uleule. Ukapita.

Kujiamini kwangu kulianzia hapo, kwenye kosa lililoonyeshwa kidole. Ndiyo maana naisifu Outreachy, programu ya mafunzo kazini iliyochipuka mwaka 2006 kutoka GNOME, mradi wa programu huria za kompyuta: mwanafunzi na menta wanashika kazi moja ya kweli, tena mwanafunzi analipwa. Menta pale hawezi kukwepa kusoma.

Basi nyota tatu? Nilikuwa karibu kuziandika, kisha ikaja fomu ya mwisho. Maswali yote yaliuliza kama sasa najiamini zaidi, hakuna hata moja lililouliza kama menta alisoma kazi yangu. Wiki chache baadaye nikaiona picha yangu kwenye tangazo lao la awamu mpya, chini yake neno "mafanikio". Hawakuniomba ruhusa. Na yule dada wa saa moja, jina lake halikutajwa popote. Nyota mbili, na zote mbili ni zake.

Juzi wameniandikia wakiniomba niwe menta awamu ijayo. Nimekubali kwa sharti moja: kikao cha kwanza kiwe cha kusoma msimbo, kwa menta wote, kamera zikiwa zimewashwa. Nasubiri jibu.