Kutetea mamlaka ndogo za California: chama au bodi yenyewe?

Mwaka 2016 Tume ya Little Hoover ya California, chombo huru kinachochunguza utendaji wa serikali ya jimbo, ilipozikagua upya mamlaka maalumu za jimbo hilo (vyombo vidogo vya serikali za mitaa vyenye bodi zao, vya huduma kama maji, zimamoto, makaburi, hata kuangamiza mbu), swali lilikuwa: nani akazitetee Sacramento, makao makuu ya jimbo?

Njia ya kwanza ni kukiachia chama kinachoziunganisha mamlaka hizo. Kina wanasheria, na milango ya Bunge kinaijua. Ila husema kwa jumla mno, na tume haikuwa ngeni: ripoti yake ya 2000 ilishalalamikia akiba nono za fedha za baadhi ya mamlaka.

Njia ya pili, wajumbe wa bodi waende wenyewe. Hapo akiba inapata sura: hii ya bomba lililooza chini ya barabara, ile ya gari la zimamoto linalokaribia kustaafu. Mimi naegemea huku. Lakini mamlaka ya makaburi yenye mfanyakazi mmoja na jembe lake itamtuma nani? Hiyo haina budi kukitegemea chama.

Zile zisizo na shughuli, mali wala madeni, sheria ya 2017 iliamua zivunjwe. Sioni wa kuzililia.