"Clarity" ya Zedd na Foxes: kola yangu imeungua

Wimbo huu wa 2012 niliurudia juzi usiku nikipiga pasi, nikaunguza kola ya shati la kazini. Kosa ni la Foxes, mwimbaji wake. Huyu binti wa Southampton, Uingereza, hajishaui. Anaanza kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyelia kisha akanawa uso. Zedd, prodyuza mzaliwa wa Urusi aliyekulia Ujerumani, anamwachia nafasi. Anapandisha taratibu, ngoma zinakaza, unashika pumzi, halafu sinthi, vile vinanda vya kielektroniki, zinafunguka zote kwa pamoja. Mapigo 128 kwa dakika, na goti langu liliyahesabu yote bila kuombwa.

Ila kwenye spika yangu ndogo besi imepotea kabisa, na sinthi za juu zinachoma masikio. Vaa hedifoni. Maneno nayo ni yaleyale ya penzi linaloumiza na bado hutaki kuliacha. Hapo hakuna jipya, ni namna tu anavyoyaimba. Ile Grammy ya 2014 ya rekodi bora ya dansi sibishani nayo. Rimiksi achana nazo, anza na toleo la asili, dakika nne na nusu hivi. Pasi izime kwanza.