Tangi la seti la lita 65 kwa ocellatus: uzoefu wangu

Tangi hili nimelitumia kufugia Lamprologus ocellatus peke yake, yule samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya magamba ya konokono. Anayetaka kuchanganya samaki wa kila rangi tathmini hii haitamfaa. Ni seti ya kawaida: kioo cha sm 60 kwa 30 kwa 36, chujio la ndani, hita ya wati 50, taa, mfuniko wa plastiki na mfuko wa kokoto. Kioo ni kizuri na taa inatosha. Chujio na kokoto vimetengenezwa kwa samaki wasiochimba, na ocellatus hana kazi nyingine kubwa kuliko kuchimba.

Kokoto usiziweke kabisa. Jike huchagua gamba lake, huondoa mchanga chini yake mpaka lizame, kisha hulifukia na kubakiza tundu tu. Kwenye kokoto za milimita 3 hadi 5 hawezi kufanya hivyo, na jike asiye na gamba lililofukiwa hana mahali pa kujitetea. Dume humkimbiza tangi zima. Nimeweka mchanga wa aragonaiti (madini ya chokaa) wenye chembe zisizozidi milimita 1, kina cha sm 5. Kwa sakafu hii ni lita 9 za mchanga, yaani kama kilo 14. Mchanga wa silika nao unachimbika vizuri, ila hausaidii kushikilia pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji. Mawe yatangulie kukaa juu ya kioo cha chini, mchanga ufuate. Yakikaa juu ya mchanga, samaki watayachimbua mpaka yaanguke.

Chujio ndilo lililoniudhi. Linafyonza kutoka chini kabisa, palepale mchanga unaporushwa. Chembe zikiingia huparuza panga za pampu, kwanza unasikia mlio, baadaye linakwama. Nafasi za kufyonzea nazo ni pana kiasi cha kumeza vifaranga. Unaweza kulipandisha hadi nusu ya kina na kulivika sponji, lakini sponji ikijaa uchafu mtiririko hupungua sana. Mimi nimelitoa, nikaweka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, mrija lazima uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatashuka hadi kwenye pampu na sakafuni. Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Klorini ya bombani huua bakteria unaowahitaji, wale wanaomaliza amonia, sumu ya uchafu wa samaki.

Hita inafanya kazi, ila namba zilizoandikwa juu yake usiziamini bila kipimajoto. Lengo ni nyuzi 25 hadi 26. Ilazwe katikati ya kina, si karibu na mchanga, maana ikifukiwa joto halitoki sawasawa na kioo chake kinaweza kupasuka.

Maji yawe na pH ya 8 hadi 9. Bomba likitoa maji laini, gramu 6 za bikaboneti ya sodiamu katika lita 50 huongeza KH (kipimo cha kabonati zinazoshikilia pH) kwa digrii 4 hivi. Nasema bikaboneti tupu, si beking pauda, ambayo ina asidi ndani yake. Kwa pH hiyo amonia haina mzaha: kwa nyuzi 25, sehemu yake yenye sumu kali haifiki asilimia 1 kwenye pH 7, lakini kwenye pH 8.5 inafika karibu asilimia 15. Kwa hiyo usitie samaki kabla tangi halijakomaa, yaani mpaka liweze kumaliza miligramu 2 za amonia kwa lita ndani ya saa 24 na nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia, isome sifuri. Mara nyingi hiyo ni wiki 4 hadi 6. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki.

Sasa ukorofi wao. Dume hufika sm 6 tu, lakini mkono ukiingia tangini anauma, na hatanii. Urefu wa sm 60 unatosha dume mmoja na majike wawili, basi. Dume wa pili utamkuta juu kwenye kona, mapezi yamechanika. Mtoe siku hiyo hiyo. Njia nzuri ni kununua wachanga sita, kusubiri wachague majike na mipaka, kisha kuondoa waliozidi. Magamba yawe matatu kwa kila samaki, mdomo wa sm 2.5 hadi 3. Ya Neothauma, konokono wa ziwani, ni adimu. Ya konokono wa kuliwa, Helix pomatia, yanafaa yakishachemshwa. Weka makundi mawili ya magamba, moja kila upande, na jiwe la sm 15 katikati ili majike wasionane. Ukisafisha usihamishe gamba hata moja, maana ukihamisha mipaka inafutika na vita vinaanza upya.

Wapo wanaojaza magamba tangi zima wakitumaini kundi kubwa. Hao wangechukua Neolamprologus multifasciatus, anayekubali kuishi kijiji kizima.

Kumkamata, mwache aingie gambani, liinue pamoja naye, kisha lishike juu ya ndoo mdomo ukitazama chini, nusu ndani ya maji. Atatoka mwenyewe, usilitikise. Na ule uwazi wa nyuma wa mfuniko, uliokusudiwa nyaya za chujio, uzibe kwa kipande cha sponji, kwa sababu anayefukuzwa huruka.