Flashi moja, umeme wa kubahatisha: filamu za kupakia hapa Lubumbashi

Meza ya mpakiaji filamu haina mambo mengi: kompyuta, spika iliyopasuka upande mmoja, na daftari lenye majina ya filamu yaliyoandikwa kwa bic. Unampa flashi, unamwambia akutilie za mapigano, naye anakujazia mpaka iseme basi. Unafika nyumbani na filamu kumi na nne; zinazotazamika ni mbili.

Miezi hii nimezunguka meza za pembeni ya soko la Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi) nikinunua filamu za mapigano, za majambazi na za maajabu, mpya kwa zamani. Nimezipanga hapa chini, ila kipimo changu si cha wenye tai. Kwetu tunatazamia uani, watu kumi na zaidi kwa televisheni moja ya inchi 32. Kifaransa cha filamu kinamfikia bibi nusu, watoto robo. Kuna mama jirani ambaye kila dakika tano anauliza, "Uyu tena ni nani?" Na umeme unaweza kwenda zake kabla jambazi hajaingia benki. Kwa hiyo maswali yangu ni haya: filamu inaeleweka mtu asiposikia hata neno? Ikikatika leo, kesho inashikika? Na watu wataiomba tena?

Kwanza mambo ya mezani. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Mpakiaji akisema filamu "imekataa" wakati nafasi bado ipo, mara nyingi sababu ni hiyo, wala si virusi. Omba MP4 ya 720 (hicho ni kipimo cha ukali wa picha), ya GB moja hivi. Kwa inchi 32 inatosha kabisa. Kama televisheni yako ni ya zamani, kataa faili za H.265, namna mpya zaidi ya kubana video, la sivyo utasikia sauti huku skrini ni nyeusi. Na usiridhike kuona mwanzo tu. Mwambie aruke hadi katikati, kisha karibu na mwisho, maana nakala iliyoibwa kwa kamera ndani ya ukumbi huanza vizuri, halafu kichwa cha mtu anayekwenda chooni kinapita mbele ya shujaa. Majina pia yasikubabaishe. Kijana mmoja alinionyesha "John Wick 7" na kuapa: "Yaya, iyi iko mupya kabisa, bote banaitafuta." Kati ya mwaka 2014 na 2023 zilitoka nne. Ile ya saba ilikuwa na mzee fulani mwenye suti nyeusi.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. George Miller, aliyekuwa na miaka sabini ilipotoka, aliitengeneza sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, ikazoa Oscar sita, zote za ufundi: uhariri, sauti, mavazi na mengineyo. Hadithi yake unaweza kumsimulia mtu wakati bukari inasongwa. Mwanamke mwenye mkono mmoja anatorosha wake za mtawala kwa lori kubwa, wanakimbizwa, wanageuza, wanarudi walikotoka. Basi. Umeme ukirudi kesho, uliza tu kama wanakwenda au wanarudi. Lakini kilichotunyamazisha uani hakikuwa magari, wala yule mtu anayepiga gitaa linalotema moto akiwa amefungwa mbele ya lori. Ni mwanzoni, mtawala anapofungulia maji kutoka juu ya jabali, umati wenye mabakuli na sufuria unasukumana chini, naye anayafunga upesi na kuwaonya wasiyazoee maji. Mama jirani, aliyekuwa ameamka saa kumi usiku kupanga foleni na bidoni zake, hakuuliza huyu ni nani.

Ya pili ni The Raid, ya Indonesia, mwaka 2011. Polisi wanaingia kwenye jengo refu Jakarta kumkamata bosi wa majambazi aliye juu, milango inafungwa nyuma yao, inabidi wapigane ghorofa kwa ghorofa. Mapigano ni ya silat, mchezo wa hukohuko, na mwigizaji Iko Uwais anapiga watu mpaka unashika mbavu zako mwenyewe. Maneno machache, saa moja na dakika arobaini. Hata sauti ikiwa imezimwa hupotei njia. Damu ni nyingi, watoto walale kwanza.

Ya tatu ni yetu: Viva Riva! ya Djo Munga, mwaka 2010. Riva anarudi Kinshasa na mzigo wa petroli aliouiba Angola, mji mzima umekauka mafuta, na wenye mzigo wanamfuata. Mwaka 2011 iliondoka na tuzo sita za African Movie Academy, ikiwamo ya filamu bora. Lilipo Lingala hakuna anayelalamika uani kwetu, kila mtu ana lake la kutafsiri, na hali ya mji usio na mafuta haihitaji mkalimani. Ingepanda juu zaidi kama si mambo ya chumbani, yanayoonyeshwa wazi na kwa muda mrefu. Usiitazame na mama mkwe. Mimi niliitazama naye. Nilikwenda kukagua mfuniko wa kisima mara tatu.

La Cité de Dieu ya Brazili (2002) ni ya nne. Inaanza na kuku aliyeponyoka kisu akikimbizwa na vijana wenye bastola, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo hacheki mtu. Watu ni wengi na miaka inarukaruka, kwa hiyo ikikatika katikati lazima apatikane mmoja wa kuwaunganishia wengine.

Heat ya mwaka 1995, Al Pacino akimwinda Robert De Niro, ni filamu ninayoipenda kuliko zote hapa, lakini ni ununuzi wa mtu mwenye betri nzuri. Karibu saa tatu, na nusu yake ni watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini. Mapambano ya risasi barabarani baada ya wizi wa benki yalitumia sauti iliyonaswa palepale, kati ya maghorofa ya Los Angeles. Kwenye spika iliyopasuka inakuwa mahindi yanayokaangwa. Vaa visikilizio, tazama peke yako.

Le Retour du roi (2003), Oscar kumi na moja, dakika 201. Ni sehemu ya tatu ya Le Seigneur des anneaux (The Lord of the Rings), hivyo utalipia tatu au hutaelewa moja. Kwetu ilichukua siku nne. Nimeiweka mwisho si kwa ubaya.

Augure nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi. Mwongozaji wake Baloji, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1978, aliipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023 ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Koffi anatoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito, amekuja na mahari ili baba ampe baraka. Anambeba mtoto wa dada yake, pua inamtoka damu, tone linamwangukia mtoto, na ukoo mzima unasimama: yule mwenye alama usoni, tuliyemwita muloji, yaani mchawi, tangu utotoni, amerudi. Jina la Baloji lenyewe lina maana hiyo, na hapa mjini hakuna wa kufafanuliwa. Maajabu yake hayana joka wala upanga. Wamo watoto wa barabarani waliovaa magauni ya waridi, na mama asiyejua amguse mwanawe vipi. Inakwenda polepole, inahama kutoka mtu hadi mtu, uani itazaa ubishi. Nakala ya mezani haimpi mwenye kazi hata faranga. Ya mtoto wa nyumbani mimi ningengoja nilipe tiketi.

Onyo moja limebaki: folda ya "watoto". Mpakiaji aliniwekea humo Le Labyrinthe de Pan ya Guillermo del Toro (2006), kwa sababu kwenye picha kuna msichana mdogo na kiumbe mwenye pembe. Ni Uhispania ya mwaka 1944, na kapteni mmoja anamponda kijana uso kwa chupa kabla hujamaliza karanga zako. Nilizima, nikachelewa kidogo, na kesho yake watoto waliimalizia nikiwa kazini. Ndani yake kuna jitu jeupe lenye macho kwenye viganja. Mpwa wangu wa miaka saba mpaka leo, akinawa kabla ya kula, anaigeuza mikono kwanza na kuangalia.